Washington Ikichanua: Mafunzo Niliyopata Katika Mji wa Mageti

Mgeni anayefika Washington mara ya kwanza huona vyuma kabla ya kuona majengo. Ikulu iko nyuma ya uzio mrefu, Bunge limezungukwa na vizuizi, balozi zina kamera na walinzi wasiocheka, na hata ukitaka kuingia makumbusho kuangalia mifupa ya dinosaria, mkoba lazima upekuliwe. Ni mji wa mageti. Lakini kuanzia katikati ya Machi hadi Mei inapokaribia kuisha, mageti mengi hulegea. Watoto hukanyaga nyasi za Rais, mabalozi huweka meza za chakula uani, na mwenye viatu vizuri anaweza kuzunguka mji mzima bila kutoa hata dola moja ya kiingilio.

Ninaishi Silver Spring, upande wa Maryland, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni ya Metro hadi katikati ya mji. Nyumba ya Mswahili ughaibuni haikosi mgeni, na wageni wangu wengi huja majira haya ya machipuko kwa sababu wameona picha za maua. Nimewatembeza mashangazi, wanafunzi, maharusi wa juzi, na mzee mmoja aliyetaka tu kuona kile kiti kikubwa cha mawe alichokalishwa Lincoln. Haya ndiyo niliyojifunza njiani.

1. Maua hayafuati kalenda

Tamasha la Taifa la Micheri, yaani miti ya cherry, lina ratiba yake. Huanza karibu na tarehe 20 Machi na kuendelea hadi katikati ya Aprili. Miti yenyewe haina habari na ratiba hiyo.

Idara ya Hifadhi za Taifa, inayoitunza miti, hutangaza siku ya kilele, yaani siku ambayo asilimia 70 ya maua ya micheri aina ya Yoshino kandokando ya bwawa la Tidal Basin yamefunguka. Kwa kawaida siku hiyo huangukia wiki ya mwisho ya Machi au mwanzoni mwa Aprili. Lakini mwaka 1990 ilifika tarehe 15 Machi, na mwaka 1958 ilichelewa hadi tarehe 18 Aprili. Mwaka 2024 kilele kilikuwa tarehe 17 Machi, tamasha lenyewe halijafunguliwa.

Sisi tuliozoea kungoja mwezi uandame hatuhitaji kuelezwa sana. Ni mambo yaleyale: unajua inakaribia, hujui ni kesho au keshokutwa, kila mtu anampigia mwenzake simu, na hawakosekani wanaoapa kwamba wameshaona. Mwaka 2023 mambo hayo mawili yaligongana, maana kilele kilifika tarehe 23 Machi, siku ileile Waislamu wengi wa hapa walipoanza kufunga Ramadhani.

Tofauti ni kwamba maua hutoa dalili mapema. Matumba huanza yakiwa ya kijani, kisha vichwa vidogo vya maua huchungulia, kisha hujitenga kimoja kimoja, kisha vikonyo hurefuka hadi matumba yakaning'inia, kisha weupe huvimba. Vikonyo vikisharefuka, kilele kiko kama siku 5 hadi 10 mbele. Weupe ukivimba, zimebaki 4 hadi 6, na hapo ndipo ninapowaambia jamaa zangu wa New York wakate tiketi ya basi. Kuna pia mti mmoja unaojulikana sana kwa wenyeji, ambao huwatangulia wenzake kwa wiki moja au zaidi kidogo, na watu huenda kuutazama huo tu ili wajue hali.

Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwa ndege hana nafasi ya kusubiri vikonyo. Huyo namshauri alenge wiki ya mwisho ya Machi, akae siku kumi akiweza, na asiweke matumaini yote kwenye maua peke yake. Yakishafunguka, hewa ikiwa ya ubaridi na tulivu yanaweza kustahimili wiki nzima. Mvua na upepo wa usiku mmoja huyamaliza.

2. Nenda alfajiri, na kama ni Ramadhani ndiyo kabisa

Wikendi ya kilele, ifikapo saa nne asubuhi, watu wanaoshuka kituo cha Smithsonian huchukua muda mrefu kupanda ngazi tu. Njia ya kuzunguka bwawa, kilomita tatu na kitu, inakuwa ya kusukumana. Kila baada ya hatua mbili unasimama kwa sababu mtu mbele yako anapigwa picha, na nyuma yako kuna kigari cha mtoto.

Mwaka mmoja Mama Mkubwa alikuja kutoka Tanga, na Ramadhani ikaangukia kwenye maua. Tulikula daku, tukasali Alfajiri, na badala ya kurudi kulala tukaingia garini. Barabara ya 16 ilikuwa tupu. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tunaegesha gari. Wapiga picha walishajipanga, kamera zimesimamishwa juu ya miguu mitatu, wanasubiri jua litoke upande wa pili wa kuba la kumbukumbu ya Jefferson. Wakimbiaji wachache, bata kadhaa, basi.

Mama Mkubwa alikuwa amevaa koti langu la baridi na juu yake kajifunga kanga. Alisimama chini ya tawi, akalivuta karibu. Nikamwahi.

"Mama, hapa hairuhusiwi kuchuma wala kuvuta matawi."

"Nani kasema nachuma? Nanusa."

Akanusa. Akasogea kwenye tawi lingine, akanusa tena.

"Mbona hayanukii?"

Hilo ni swali la mtu wa pwani. Aliyekulia kwenye asumini, kilua na mkadi hawezi kuelewa mamia ya maelfu ya watu kusafiri kwa ajili ya ua lisilonukia. Ua la Yoshino lina petali tano, ni jeupe ukilitazama kwa mbali, na ukilisogelea ndipo unaona uwaridi hafifu, hasa kule katikati. Harufu ipo, ila ni ya kutafuta, inafanana kidogo na ya lozi. Mama Mkubwa hakuipata, na hadi leo hajanikubalia.

Kilichomshika ni kitu kingine. Kulikuwa na mti mzee, shina limepinda na kupasuka, gome jeusi limevimba mafundo. Vishada vya maua vilikuwa vimetoka moja kwa moja kwenye gome lile, hapana tawi, hapana kijiti. Aliliwekea kiganja. "Huyu bibi bado anazaa," akasema, na ndiyo picha pekee aliyotaka kupigwa.

Mbele kidogo njia ilikuwa imefunikwa na maji. "Maji yamejaa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesimama Raskazone, ufukweni kwao Tanga. Alikuwa sahihi. Bwawa lile hupokea maji ya mto Potomac, ambao hupwa na kujaa kwa kufuata bahari. Kuta za kuzuia maji, zilizojengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, zilikuwa zimezama huku maji yenyewe yakipanda, ikawa mara mbili kwa siku sehemu za njia zinafunikwa, na mizizi ya miti inalowa. Mwaka 2024 serikali ilianza kuzijenga upya. Ili kupisha kazi, ilikatwa miti ipatayo 300, na kati yake micheri 158, ukiwemo mmoja mfupi, mtupu ndani, uliokuwa umependwa na watu hadi wakaupa jina la Stumpy. Vijiti vyake vilichukuliwa vioteshwe kwingine, na Japani ikaahidi miti mipya 250 kwa ajili ya Marekani kutimiza miaka 250 mwaka 2026.

3. Hata miti hii ilikwama getini

Wageni wengi hupiga picha na kuondoka bila kujua miti ile ilikuja vipi, na mimi huwachelewesha makusudi ili wasikie.

Mwandishi mmoja Mmarekani, Eliza Scidmore, alirudi kutoka Japani mwaka 1885 akiwa na wazo la kupanda micheri kwenye tope la ukingo wa Potomac. Akawaendea wasimamizi wa bustani za serikali, wakamkatalia. Alipokuja mwingine ofisini, akaenda tena. Hivyo kwa miaka 24. Mwaka 1909 akamwandikia barua mke wa Rais, Helen Taft, aliyekuwa amewahi kuishi Japani, na jibu la kukubali lilikuja baada ya siku mbili tu. Nani asiyeijua njia hiyo? Ofisini wanakuzungusha, kumbe dawa iko kwa mama.

Jiji la Tokyo likatuma miti 2,000, ikafika Washington Januari 1910. Wakaguzi wa kilimo wakaifungua na kukuta wadudu, minyoo ya mizizi na magonjwa. Rais Taft akaidhinisha ichomwe, na tarehe 28 Januari zawadi ya nchi moja kwa nyingine ikageuzwa majivu. Ingeweza kuwa aibu kubwa. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, aliipokea habari hiyo kwa ustaarabu, na miaka miwili baadaye ikaja shehena nyingine, miti 3,020 ya aina 12, iliyooteshwa kwa uangalifu mkubwa. Tarehe 27 Machi 1912 Helen Taft akapanda wa kwanza, na mke wa Balozi wa Japani, Viscountess Chinda, akapanda wa pili. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya karantini ya mimea. Kila anayetupa embe lake kwenye pipa la forodha kwenye kiwanja cha ndege cha nchi hii ana undugu wa mbali na miti ile 2,000.

Zawadi hiyo imeshapita kwenye mengi. Mwaka 1938 kundi la wanawake lilijifunga minyororo kwenye miti kupinga ikatwe kupisha ujenzi wa kumbukumbu ya Jefferson. Desemba 1941, siku chache baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, minne ilikutwa imekatwa usiku. Vita vilipoisha, ilionekana kwamba shamba la kando ya mto Arakawa, Japani, lililokuwa chimbuko la miti ya Washington, lilikuwa limedhoofika, na mwaka 1952 Wamarekani wakatuma vijiti vya watoto vikawafufue wazazi.

4. Watu wakielekea bwawani, wewe pita kushoto

Ukiwa umekosa kilele, usilie. Kwenye rasi ya East Potomac, kusini ya bwawa, kuna micheri ya aina nyingine, Kwanzan, yenye maua manene ya waridi iliyokolea, petali juu ya petali. Yenyewe huchanua kama wiki mbili baada ya Yoshino. Wakati huo watalii wameshaondoka, hoteli zimeshusha bei, na wenyeji wanachoma nyama na kuvua samaki. Mimi nayapenda maua hayo zaidi, ingawa wajuzi huyaona yamejipamba kupita kiasi. Waache waseme.

Halafu kuna Bustani ya Taifa ya Miti, kaskazini-mashariki ya mji. Metro haifiki mlangoni, ndiyo maana pana nafasi. Kuingia ni bure. Katikati ya uwanja wa majani zimesimama nguzo 22 za mawe zilizowahi kubeba upande wa mashariki wa jengo la Bunge, sasa hazibebi kitu. Mwishoni mwa Aprili mteremko mzima wa kilima huwaka maua ya azalea.

Lakini mgeni wangu nampeleka kwanza kwenye banda la bonsai, ile miti inayolelewa vyunguni ibaki midogo. Mmoja ni msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa mwaka 1625. Unaweza kuupita bila kugeuka: kijiti kinene, majani ya kijani kibichi, chungu kipana. Bwana Masaru Yamaki, fundi wa bonsai wa Hiroshima, aliutoa zawadi mwaka 1976, Marekani ilipokuwa inatimiza miaka 200. Hakusema neno. Mwaka 2001 wajukuu wake walikuja kuuangalia mti wa babu, na ndipo watunzaji wa bustani walipofahamishwa kwamba bomu la atomiki lilipoanguka Agosti 1945 mti huo ulikuwa uani kwa Yamaki, umbali wa kama kilomita tatu tu, nyuma ya ukuta. Familia ilipona, mti ukapona, na mwenyewe akawapa waliodondosha bomu bila kuwasimanga. Hapo huwa sina la kuongeza. Mgeni husogea mwenyewe.

5. Koti na dawa ya mzio

Jua la Aprili hapa ni la kudanganya. Asubuhi ni nyuzi 4, mchana 20, jioni upepo unakata masikio. Njoo na koti. Njoo pia na dawa ya mzio, maana chavua ya mialoni hufunika magari kwa unga wa njano, na nimeona wanaume wenye vifua vipana wakitokwa machozi njia nzima wakidai hawalii.

6. Tiara haina umri

Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, uwanja unaouzunguka mnara wa Washington hujaa tiara. Tamasha hili lilianzishwa mwaka 1967 na Paul Garber wa taasisi ya Smithsonian, bwana aliyeyapenda mambo ya kuruka angani tangu utotoni. Watoto huja na za dukani zenye umbo la papa au joka. Wazee huja na walizoshona wenyewe, wamezibeba kwenye mifuko mirefu kwa heshima kubwa. Kuna pia mapambano ya tiara za pembe sita za Kijapani, rokkaku, ambapo kazi ni kumkata au kumdondosha mwenzako. Mtoto yeyote aliyekulia Ng'ambo, Zanzibar, au mitaa ya Tanga, akitengeneza tiara kwa njiti za makuti na karatasi ya gazeti, anaujua mchezo huo kabla hajaelezwa kanuni.

Ukichoka kutazama juu, geuka. Jengo lile la rangi ya shaba, lililopanda ngazi tatu zinazopanuka kwenda juu, ni Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Waamerika Weusi, lililofunguliwa Septemba 2016. Msanifu wake mkuu, David Adjaye, ni mwana wa mwanadiplomasia wa Ghana na alizaliwa Dar es Salaam. Kuingia ni bure, ila tiketi ya muda maalumu huchukuliwa mapema, na majira haya humalizika haraka.

7. Gwaride tazama ukiwa umesimama

Gwaride la micheri hupita Constitution Avenue Jumamosi moja ya Aprili, na maputo makubwa, bendi za shule na magari yaliyopambwa. Viti vya jukwaani vinauzwa. Kando ya barabara ni bure, na huko ndiko watoto hupeana mikono na wapiga matarumbeta. Saa moja na nusu inatosha.

8. Jumatatu ya Pasaka ina milango miwili

Tangu mwaka 1878, Rais Rutherford Hayes aliporuhusu watoto waliofukuzwa kwenye nyasi za Bunge waje kucheza kwake, Jumatatu ya Pasaka geti la kusini la Ikulu hufunguliwa kwa ajili ya mchezo wa kuviringisha mayai. Tiketi hutolewa kwa bahati nasibu isiyo na malipo, na kila kikundi lazima kiwe na mtoto mdogo. Ndiyo siku pekee mjini hapa ambapo mtu mzima asiye na mtoto hana hadhi kabisa. Mayai yenyewe husukumwa kwa mwiko wenye mpini mrefu, na watoto wengi huondoka wakiwa wamependa zaidi lile yai la mbao la kumbukumbu kuliko kumwona Rais.

Wengi huishia hapo. Siku hiyohiyo, kwenye Bustani ya Taifa ya Wanyama ya Rock Creek, kuna sherehe nyingine ambayo haimo kwenye kadi za posta. Familia za Waamerika Weusi zimekuwa zikikutana huko Jumatatu ya Pasaka tangu mwisho wa karne ya 19, na wenyeji husimulia kwamba chanzo ni miaka ambayo watoto wao hawakukaribishwa kule Ikulu. Waliponyimwa geti moja, walijitengenezea lao. Utawakuta bibi, binti na vitukuu, nguo za Pasaka bado zina mikunjo ya dukani, vikapu vya kuku wa kukaanga, na hakuna anayekuuliza tiketi ya bahati nasibu. Nikiambiwa nichague mlango mmoja kati ya hiyo miwili, kiatu changu kinajua njia.

9. Tarehe 16 Aprili sherehe hubadilika sura

Hii haina maua, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Tarehe 16 Aprili 1862, miezi minane na nusu kabla ya tangazo lake maarufu la ukombozi, Rais Lincoln alitia saini sheria ya kuwaachia huru watumwa wa mji huu, watu wapatao 3,100. Tangu 2005 ni sikukuu rasmi ya mji, kuna maandamano na muziki kwenye Pennsylvania Avenue, na ikiangukia vibaya, siku ya mwisho ya kodi kwa taifa zima husogezwa mbele. Wamarekani wengi hunufaika na siku hizo za ziada bila kujua wanamshukuru nani.

Ukisoma sheria yenyewe utakuta jambo linalouma. Serikali ililipa fidia, hadi dola 300 kwa kila mtu aliyeachwa huru, na aliyelipwa ni bwana, si mtumwa. Mtumwa aliyewekewa fedha ni yule tu atakayekubali kuhama nchi. Nilipomsimulia hayo mgeni wangu mmoja kutoka Unguja, alicheka kicheko kikavu. Amri ya Sultani ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Zanzibar nayo ilimfidia bwana. Miaka 35 kati yao, bahari mbili, hesabu ileile.

Bendi ya shule ikapita ikipiga ngoma, wasichana waliovaa buti nyeupe wakirusha magoti juu, na yeye akaanza kucheza pale pale barabarani. Ndivyo siku hiyo ilivyo. Unapata uchungu na ngoma kwa pamoja, na huulizwi umeanza na kipi.

10. Jumamosi ya kwanza ya Mei, anza na foleni ndefu

Mei ni mwezi wa balozi. Jumamosi ya kwanza nchi nyingi za mabara yote hufungua milango kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Jumamosi ya pili ni zamu ya Umoja wa Ulaya. Hakuna tiketi. Watoto hupewa kijitabu cha pasipoti ya karatasi na huzunguka kugongewa mihuri, na kwao muhuri ni muhimu kuliko chakula. Kwa bahati mbaya Jumamosi hiyo ya kwanza mara nyingi hugongana na soko la maua la kanisa kuu la Washington National Cathedral, lililoanza 1939, lenye farasi wa mbao wa kuzunguka ambao ni wakongwe kuliko sisi sote. Kama una watoto, soko liendee Ijumaa.

Katika balozi, mbinu yangu ni hii: chagua tatu, zilizo karibu, na uanze na yenye foleni ndefu kuliko zote kabla haijawa ndefu zaidi. Anayetaka kumi huishia kuona migongo ya watu.

Mwaka mmoja nilijitolea upande wa chakula katika ubalozi wa nchi moja ya Afrika Mashariki. Tulikata chapati vipande vinne, tukapanga sambusa kwenye trei, na mama aliyesimamia meza alikuwa na sheria moja: mtu mmoja, sambusa moja, hata awe seneta. Foleni ilitoka getini ikapinda kona. Alikuja kijana wa Lubumbashi aliyekuwa akitafuta mtu wa kuongea naye Kiswahili tangu asubuhi. Walikuja vijana waliozaliwa Maryland, wanaojua "asante" na "kuja hapa" tu, wakisukumwa mbele na mama zao.

Kisha akaja mzee wa Kimarekani, mkongojo mkononi, shati la kitenge lililopauka mabegani. Akasimama mbele ya msichana aliyekuwa akigawa chai, binti wa miaka ishirini hivi, akainamisha kichwa na kutamka kwa Kiswahili cha shuleni, silabi zote zimekamilika:

"Shikamoo, mama."

Binti akamwaga chai. "Jamani babu! Shikamoo wewe!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee hakutahayari hata kidogo. Akaitikia marahaba ndefu, akaeleza kwamba alifundisha hesabu Songea miaka ya sitini, akataja majina ya wanafunzi wake mmoja mmoja, akauliza kama barabara ya kwenda Njombe imewekwa lami. Tukamwambia imewekwa zamani. Hakuamini. Tulimpigia simu jamaa mmoja aliye Songea, ambako ilikuwa karibu saa tano usiku, akamthibitishia mwenyewe huku akipiga miayo.

Saa kumi ilipofika mlinzi alianza kuvuta geti. Mzee alikuwa bado uani, ameegemea meza, yuko kwenye hadithi ya mvua za mwaka fulani na daraja lililochukuliwa. Mama msimamizi akamwekea sambusa tatu kwenye sahani ya karatasi, akaifunika na leso.

"Beba, mwalimu, utamalizia nje. Sisi tunafunga."